Mkandarasi Anayejua Kukataa Kazi

Familia nyingi hujenga nyumba mara moja tu katika maisha, na hujenga kwa akiba ya miaka mingi. Mkandarasi, kwa upande wake, hujenga mwaka baada ya mwaka, na mlango wake hubishwa na wateja wengi. Kwa sababu hiyo, mlaji huwa na hofu moja kubwa: kwamba mkandarasi atamkataa au atamtajia bei asiyoimudu. Anapokutana na yule anayeitikia kila kitu kwa furaha, aghalabu hushusha pumzi na kutoa fedha.

Makala haya yanamshauri mlaji atazame jambo hilo kwa jicho jingine. Biashara ya ujenzi haiwezi kupokea kila kazi inayoletwa. Mkandarasi makini huipima kila kazi kabla ya kuipokea, na zile zinazozidi uwezo wake huziacha. Asiyekataa kazi yoyote huahidi kwa wengi asichoweza kumtimizia hata mmoja, na hasara ya ahadi hizo humwangukia mwenye nyumba. Ni vyema basi mlaji ajue mambo ambayo mkandarasi hupaswa kuyapima, ili aweze kumuuliza na kuyatathmini majibu yake.

Je, kazi inalingana na usajili na ujuzi wake?

Nchini Tanzania, Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 inamtaka anayefanya biashara ya ukandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Usajili huo hutolewa kwa aina ya kazi na kwa daraja. Makandarasi wa majengo hupangwa katika madaraja 7. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya mradi mmoja, isipokuwa daraja la kwanza, ambalo halina kikomo.

Kwa hiyo, cheti peke yake hakitoshi. Aliyesajiliwa kwa kazi za barabara hana ruhusa ya kujenga majengo kwa cheti hicho, na wa daraja la chini hana ruhusa ya kupokea jengo linalozidi kikomo chake. Omba kukiona cheti, soma aina na daraja, kisha uulize Bodi kama usajili huo ungali hai. Muulize pia mkandarasi ni nyumba gani za namna ya yako amekwisha kuzijenga, na uende ukazione. Aliyejenga nyumba nzuri za chini hajathibitisha bado kwamba anaiweza ghorofa.

Je, ana watu na vifaa kwa wakati huu?

Uwezo wa mkandarasi hupimwa kwa kile kilichobaki baada ya kazi alizokwisha kuzipokea. Mwenye kundi moja la mafundi na msimamizi mmoja anaweza kuzisimamia nyumba mbili zilizo karibu. Akipokea ya tatu iliyo mbali, msimamizi atashinda njiani, na mafundi watapanga tofali bila mtu wa kukagua.

Tuchukue mfano wa mbao na mirunda inayoshikilia zege la sakafu ya ghorofa. Zege likishamwagwa, mirunda hiyo haipaswi kuondolewa mpaka muda ulioelekezwa na mhandisi utimie, muda ambao mara nyingi hufika wiki 2 hadi 3. Nguvu kamili inayotarajiwa katika usanifu hupimwa zege likiwa na umri wa siku 28. Katika siku za mwanzo zege linahitaji pia kumwagiliwa maji mfululizo, kwa kawaida siku zisizopungua 7. Mkandarasi mwenye seti moja ya mirunda, aliyepokea ghorofa mbili zinazokwenda pamoja, atashawishika kuing'oa mapema kwa mteja wa kwanza ili awahi kwa wa pili. Nyufa zitakazotokea hazitaonekana siku ile, wala siku ya kukabidhiwa funguo.

Muulize basi: "Kwa sasa una kazi ngapi? Ziko wapi, na zimefika hatua gani? Nani atakuwepo kwangu kila siku?" Mwenye mpango atakujibu bila kusita. Mwenye kukasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Je, fedha zako zitajenga nyumba ya nani?

Hapa ndipo walaji wengi hupotezea akiba zao, na si kila mara kwa sababu ya utapeli. Mkandarasi aliyepokea kazi bila mtaji hupokea malipo ya awali ya mteja wa kwanza na kuyatumia kulipa deni la duka la vifaa. Kisha hutafuta mteja wa pili, na malipo yake hununua saruji ya yule wa kwanza. Wa tatu humaliza paa la wa pili. Mzunguko huo huendelea mradi wateja wapya wanapatikana. Siku wanapokosekana, nyumba ya mwisho husimama kwenye lenta, mafundi hawajalipwa, na simu haipokelewi.

Mkandarasi wa namna hiyo hawezi kukataa kazi, kwa kuwa kila kazi mpya ndiyo fedha ya kumalizia ya zamani. Kinga ya mlaji ni kutolipa mbele ya kazi. Malipo ya awali yawe madogo na yafungamane na vifaa vilivyofikishwa kwenye kiwanja na kuhesabiwa. Yanayofuata yalipwe kwa hatua zilizokamilika na kukaguliwa: msingi, kuta hadi lenta, paa, lipu na umaliziaji. Sehemu ya malipo ibaki mikononi mwako katika kipindi cha matazamio, ili kasoro zitakazojitokeza zirekebishwe.

Je, bei inatosha kuimaliza kazi?

Tuseme mkandarasi wa kwanza amekadiria nyumba yako kwa shilingi milioni 60, na akakuonyesha mchanganuo huu: vifaa milioni 37, ufundi milioni 13, usafiri, maji na ulinzi milioni 3, usimamizi na gharama za ofisi milioni 3, faida milioni 4. Wa pili anasema ataijenga nyumba ileile, kwa mchoro uleule, kwa milioni 46.

Ikiwa hesabu za wa kwanza ni sahihi, vifaa, ufundi na usafiri peke yake ni milioni 53. Wa pili ana pengo la milioni 7 kabla hajapata hata shilingi ya faida. Pengo hilo halijazibi lenyewe. Litajazwa kwa nondo nyembamba, kwa saruji iliyopunjwa, kwa mafundi wasiolipwa, au kwa madai ya nyongeza wakati nyumba imekwisha kuwa bila paa na huna pa kurudi. Mkandarasi mwenye busara huiacha kazi ya bei hiyo, kwa kuwa anajua kwamba itamgombanisha na mteja. Rahisi hughali.

Hatusemi kwamba bei ya juu ndiyo ya haki. Tunasema kwamba bei isiyo na mchanganuo haiwezi kulinganishwa na nyingine. Wape wakandarasi wote mchoro mmoja na orodha moja ya vifaa na kazi, ikiwezekana iliyoandaliwa na mkadiriaji majenzi, ndipo ulinganishe.

Je, kiwanja na msimu vinaruhusu?

Mkandarasi anayekutajia bei kwa simu, bila kukanyaga kiwanja chako, hajaipima kazi. Udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi hudai msingi wa namna yake. Mteremko hudai ukuta wa kuzuia udongo. Barabara isiyopitika humaanisha kwamba kokoto zitashushwa mbali na kubebwa kwa gharama. Katika ukanda wa pwani, anayekubali kuchimba msingi mwezi Aprili, katikati ya masika, bila kuzungumzia maji yatakayojaa mtaroni, ama hajafikiri au hataki wewe ufikiri.

Vilevile, mkandarasi makini atakuuliza hati ya kiwanja na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Usichukizwe. Anakataa kuwekeza nguvu zake katika jengo linaloweza kusimamishwa au kubomolewa, na kwa kufanya hivyo anakulinda wewe.

Akikukatalia, sikiliza

Wakati mwingine jibu la "hapana" halihusu kazi nzima, bali ombi lako moja: kuongeza ghorofa juu ya msingi uliokusudiwa nyumba ya chini, kuondoa nguzo ili sebule ipanuke, au kupunguza nondo ili fedha zitoshe vigae. Mteja anaweza kumwona mkandarasi huyo kuwa mkaidi na kumtafuta mwingine aliye mwepesi wa kukubali. Tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, jijini Dar es Salaam, liliporomoka, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Msiba ule unatukumbusha kwamba jengo lisilo imara si jambo la mwenye fedha na mjenzi wake pekee. Wapita njia na majirani pia wamo hatarini. Mabadiliko yoyote yanayogusa msingi, nguzo, mihimili au idadi ya ghorofa yapitishwe kwanza na mhandisi na mamlaka iliyotoa kibali.

Ifanye kazi yako istahili kupokelewa

Mkandarasi mzuri humpima mteja pia. Hupenda kazi yenye mchoro kamili, kibali, fedha zilizopangwa kwa hatua, na msemaji mmoja badala ya ndugu watano wanaotoa maagizo tofauti. Iwapo fedha zako zinatosha kufikia lenta tu, sema wazi, na mkataba uishie kwenye lenta. Nyumba iliyopangwa kusimama hapo hufunikwa na kutunzwa, lakini iliyokwama hapo bila mpango huharibiwa na mvua.

Makubaliano yote yaandikwe: kazi inayofanywa, bei, hatua za malipo, tarehe za kuanza na kumaliza, utaratibu wa kukubaliana nyongeza kwa maandishi, na njia ya kusuluhisha mgogoro. Pande zote mbili zitie saini mbele ya shahidi, na kila malipo yawe na stakabadhi. Kama unamtumia fundi wa mtaani kwa matengenezo madogo, maswali ya makala haya yanamhusu vilevile. Ukiwa na malalamiko dhidi ya mkandarasi aliyesajiliwa, yapeleke kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi ukiwa na mkataba, stakabadhi na picha za kazi. Bila maandishi, haki yako itakuwa ngumu kuithibitisha.

Ukiambiwa na mkandarasi, "Kazi yako naiweza, lakini si kabla ya mwezi wa saba," au, "Ghorofa siiwezi, ila nitakuelekeza kwa anayeiweza," usiondoke umenuna. Mtu huyo ameipoteza faida ya leo ili asiichezee akiba yako. Andika jina lake na ulitunze, kwani ukifika mwezi wa saba huenda akawa ndiye unayemhitaji.