Je, Wajua? Kisu, Homoni na Unene Uliopitiliza

Je, wajua kwamba upasuaji wa kupunguza uzito haunyonyi mafuta hata tone? Daktari hagusi kitambi wala nyonga. Anashughulika na mfuko wa chakula na, kwa baadhi ya wagonjwa, utumbo mwembamba. Kunyonya mafuta ni kazi ya urembo. Hakutibu kisukari wala presha.

Je, wajua kwamba wazo lenyewe lilitokana na vidonda vya tumbo? Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliona kuwa wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walikonda, na kunenepa tena kuliwawia vigumu. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Chikashi Ito wakaitumia njia hiyo kutibu unene. Upasuaji huo huitwa baipasi. Leo, mgonjwa hutengewa kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, chenye kubeba takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya mfuko wa zamani.

Kuna pia aina ya pili, ambayo siku hizi ndiyo inayofanywa zaidi duniani: robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi.

Je, wajua kwamba njaa ina homoni yake? Inaitwa ghrelini. Wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waliitangaza mwaka 1999. Hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na ni sehemu hiyo hiyo inayokatwa katika upasuaji wa umbo la ndizi. Ndiyo maana wengi waliofanyiwa husema hamu ya kula imepungua, si tumbo tu lililopungua.

Hapa naomba tutulie kidogo. Mtu mnene akijinyima chakula na kupungua, mwili wake haushangilii. Ghrelini hupanda, njaa huongezeka, na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko mwanzo ili kurudisha kilo zilizopotea. Anayepungua kilo kumi akazirudisha zote si lazima awe mvivu au mlafi. Anapambana na mwili unaoulinda uzito wake. Upasuaji husaidia kwa sababu unabadilisha mazungumzo hayo kati ya tumbo na ubongo. Homoni za shibe, kama GLP-1, huongezeka baada ya kula. Sindano mpya za kupunguza uzito, mfano semaglutidi, zimetengenezwa kwa kuiga homoni hiyo hiyo. Kwa hiyo tuwaondolee wagonjwa hawa lile neno la kejeli kwamba wamekimbilia njia ya mkato.

Je, wajua kwamba sukari ya mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili inaweza kushuka siku chache tu baada ya baipasi, hata kabla hajapungua kilo za kuonekana? Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa North Carolina waliandika kuhusu jambo hilo wakiwa na mshangao wa wazi. Lakini neno sahihi ni kutulia, si kupona: kwa baadhi ya watu kisukari hurudi baada ya miaka. Dawa hazikatizwi bila daktari.

Watafiti wa Sweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu wapatao 4,000 wenye unene mkubwa, nusu wamefanyiwa upasuaji na nusu wanapata matibabu ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha vifo vichache zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji.

Je, wajua nani anafaa kufanyiwa upasuaji? Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Hiyo ndiyo BMI. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 102 anakaribia 40. Mwenye kilo 90 yupo 35. Tangu mwaka 1991 kigezo kilikuwa 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vilikishusha: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili.

Je, wajua kuhusu puto la kupunguza uzito? Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza huduma hiyo mwaka 2022. Puto hupitishwa mdomoni, hujazwa maji likiwa tumboni ili mtu ashibe mapema, na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Hakuna kukatwa. Lakini likitoka, kazi yake imekwisha, na uzito unaweza kurudi.

Hatari za upasuaji zipo: kuvuja kwenye maungio, kutokwa damu, damu kuganda miguuni au mapafuni. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo vya mwezi wa kwanza ni takriban 1 hadi 3 katika kila wagonjwa 1,000. Uliza daktari wako amefanya upasuaji huu mara ngapi. Ni haki yako kujua.

Je, wajua sahani inavyobadilika baada ya upasuaji? Siku za kwanza ni supu iliyochujwa na uji mwepesi usio na sukari, kwa kunywa kidogo kidogo. Baadaye samaki, yai au maharage hutangulia, ugali hufuata kama nafasi ipo. Maji ya kushushia hayapo tena: husubiri nusu saa baada ya kula. Soda au chai ya sukari nyingi inaweza kumletea mtu wa baipasi jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D ni vya maisha yote, pamoja na kupima damu kila mwaka.

Majirani nao watasema. Kwetu mtu akikonda haraka huulizwa anaumwa nini, au hunong'onwa kuwa ana virusi vya UKIMWI. Familia ijiandae kumsimamia mgonjwa wao.

Je, wajua kwamba uzito ukipungua, mimba hushika kwa urahisi zaidi? Mwanamke anashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi vizuri baada ya baipasi. Kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi.

Na diklofenaki, ile inayonunuliwa kama pipi mgongo ukiuma, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuleta kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Aliyefanyiwa baipasi akifika duka la dawa amwambie kwanza muuzaji alichofanyiwa, ndipo aombe dawa ya maumivu. Kwa kawaida atapewa paracetamol.