Kijivu Kimoja, Sungura Watatu: Majina ya Rangi na Uteuzi wa Mbegu za Sungura wa Sufu

Utangulizi

Ziwani ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Eastlands, jijini Nairobi, jirani na Kariokor. Nyumba zake zilijengwa enzi za ukoloni, na nafasi ya kufugia ni haba. Sheria ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini inautambua ufugaji wa mjini, lakini sheria haiongezi uwanja. Mwenye vizimba vinne akinunua dume asiyefaa, amekwisha kupoteza robo ya mradi wake. Kwa hiyo uteuzi wa mbegu si jambo la anasa kwa mfugaji wa mtaani.

Makala haya yanachunguza sungura wa sufu, yaani Angora, ambao jina lao linatokana na jina la zamani la Ankara, mji mkuu wa Uturuki. Nchini Kenya sungura wengi hufugwa kwa ajili ya nyama, na Angora ni wachache. Uchache huo ndio unaomlazimisha mnunuzi kutegemea maelezo ya muuzaji, na hapo ndipo lugha inapoingia. Hoja ya makala ni kwamba jina la rangi, likitumiwa kwa uangalifu, ni taarifa ya nasaba. Likitumiwa kiholela, humpotosha mfugaji.

Tatizo la jina “kijivu”

Katika Kiswahili, vivumishi vya rangi vinavyopokea upatanisho wa kisarufi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi huazima majina ya vitu: kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa, manjano kutoka kiungo cha mchuzi. Utaratibu huu unatosha sokoni, bali kizimbani hautoshi, kwa kuwa sungura watatu wenye nasaba tofauti wanaweza wote kuitwa “wa kijivu”.

Wa kwanza ni mweusi aliyefifishwa. Ana nakala mbili za jeni inayofifisha weusi. Unywele wake una rangi moja toka shinani hadi nchani, na macho yake huwa ya kijivu chenye usamawati. Wa pili ni chinchila. Unywele wake una pete: shina la rangi ya risasi, kisha weupe, kisha ncha nyeusi. Tumbo, upande wa chini wa mkia na duara la jicho huwa na weupe. Wa tatu ana rangi ya sungura wa porini. Naye ana pete na tumbo jeupe, ila pete yake ya kati ni ya manjano au kahawia badala ya nyeupe.

Kosa la kuwachanganya hudhihirika kwenye uzao. Tuseme dume aliyefifishwa, asiyebeba jeni nyingine iliyofichika, amepandishwa kwa jike chinchila ambaye naye ni safi. Mfugaji hutarajia watoto wa kijivu, lakini wote watatoka na rangi ya porini. Sababu ni kwamba kila mzazi humpa mtoto jeni tawala ambayo mwenzake hana: baba hutoa inayoruhusu umanjano, mama hutoa ya pete pamoja na ile inayozuia kufifia. Kinyume chake, wawili waliofifishwa hawawezi kuzaa mweusi hata kidogo.

Weupe nao una siri yake. Sungura mweupe mwenye macho mekundu ana nakala mbili za jeni inayozuia rangi yoyote kujitokeza. Chini ya weupe huo anaweza kuwa amebeba pete, weusi au ufifishaji, na hayo hayajulikani mpaka apandishwe kwa mwenye rangi. Wawili wa namna hiyo huzaa weupe watupu.

Namna ya kutambua

Katika Angora, rangi huonekana hafifu kwenye sufu ndefu. Mchunguzi hana budi kutazama sehemu zenye nywele fupi, kama vile pua, masikio na miguu, kisha apulize sufu ya ubavuni ili aone kama ina pete. Maswali matatu yanamtosha kwa kuanzia: Rangi ya ncha ni ipi? Je, kuna pete, na ni ya rangi gani? Jicho likoje?

Rangi si mwisho wa uteuzi

Hata hivyo, rangi nzuri haimfanyi sungura kuwa mbegu bora. Kigezo cha kwanza ni sufu yenyewe. Angora wa Kijerumani aliye bora huweza kutoa zaidi ya kilo moja kwa mwaka, akinyolewa takriban kila baada ya miezi mitatu. Kila mnyoo upimwe na kuandikwa, kwani mnyoo mmoja hauthibitishi kitu. Pili, meno ya juu na ya chini yakutane sawasawa, kwa sababu kasoro ya meno huweza kurithiwa. Tatu, nyayo ziwe na manyoya ya kutosha kuzuia vidonda vya waya wa kizimba. Nne, jike awe na chuchu zisizopungua nane na historia ya kulea vizuri. Rangi hufuata baada ya hayo. Viwanda hupendelea sufu nyeupe kwa kuwa hupokea rangi yoyote, ilhali msokotaji wa nyumbani anaweza kuithamini sufu ya kijivu isiyohitaji kutiwa rangi.

Hitimisho

Kiswahili hakikosi uwezo wa kuyabainisha haya. Wafugaji wa kuku wana majina kama kuchi na kishingo, ambayo hutaja umbile linalorithiwa, na kila asikiaye hujua atarajie kifaranga gani. Kwa mfano huohuo, istilahi kama kijivu-sare, kijivu-pete na porini-pete zingetosha kuwatenga sungura watatu waliojadiliwa. Wanafunzi wa isimu wanaosaka uwanja wa utafiti wa istilahi wanaweza kuanzia vizimbani mitaani, ambako neno moja lisilo wazi humgharimu mfugaji msimu mzima.