Gede Si Ya Wageni Peke Yao

Kila aendaye Malindi kutembea hupelekwa kwanza kwenye mnara wa Vasco da Gama. Sina ugomvi na mnara huo. Mreno yule alitia nanga hapo mwaka 1498, akapokewa vyema na kupewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Lakini katika mtaa wa Shela, ubavuni mwa msikiti wa Ijumaa, yasimama makaburi ya nguzo ya wazee wetu, nasi twayapita kila siku tukienda sokoni.

Juzi nilimchukua mjukuu wangu, aliyefika Juzuu Amma, tukapanda matatu hadi Gede, kiasi cha kilomita 15 kusini mwa Malindi. Nyanya yake alitutahadharisha na majini. Tuliowakuta ni kima tu, nao ni wezi wa ndizi.

Ndani ya msitu umelala mji mzima wa mawe: jumba la mfalme, nyumba zenye vyoo na visima, na misikiti. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, akapata hata vyombo vya Kichina. Mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Kaburi moja limechorwa tarehe ya Kiislamu, mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Nilisimama hapo nikamsomea Fatiha mwenyewe, nisiyemjua jina.

Kwenye Msikiti Mkuu watalii walikuwa wakipita na viatu vyao. Mjukuu wangu alivua vyake. Akaitazama mihrabu iliyoelekea kaskazini, akaniuliza, "Babu, mbona kibla ni kile kile chetu?" Swali hilo lilinichoma. Mtoto aliletwa hapa akidhani aja kutazama mambo ya wageni, na kosa ni letu tuliomlea, si lake.

Kando kuna kisima. Maji yalipozidi kushuka wenyeji walikichimba zaidi, na wachunguzi huitaja shida hiyo miongoni mwa sababu za mji kuhamwa katika karne ya 17, pamoja na vita. Yeyote anayechota maji ya kisima Pwani ataielewa habari hiyo bila kufasiriwa.

Aliye na nafasi asirudi upesi. Hapo hapo Gede pana mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo wakauzwa ng'ambo wakiwa bado magandani. Msitu wenyewe ni kama kilomita 420 za mraba, na mwenye kupata riziki kwa vipepeo hana haja ya kuukata. Mbele kidogo ni mikoko ya Mida, kisha Watamu na matumbawe yake, yaliyohifadhiwa tangu 1968.

Mjukuu sasa anataka chuo chao kizima kipelekwe Gede. Mwalimu wao amekubali, imebaki nauli.