Nyayo za Terosauri

Zamani sana, kabla ndege wa kwanza hajakuwapo duniani, waliruka angani wanyama wa jamii ya watambaao, nao huitwa terosauri. Bawa lao halikuwa la manyoya. Lilikuwa ngozi iliyowambwa toka ubavuni hata ncha ya kidole cha nne, kidole kirefu mno. Popo huwamba bawa lake kwa vidole vinne. Terosauri alitumia kimoja tu. Mifupa yake ilikuwa mitupu, yenye hewa ndani. Mmoja aliyefukuliwa Texas, Marekani, mwaka 1971, mabawa yake yalipata mita 10 hivi toka ncha hata ncha.

Lakini je, chini alikwendaje? Wenye elimu walibishana miaka mingi. Wengine walisema kwa miguu miwili kama kuku, wengine kwa minne; wala si ajabu, maana mfupa hausemi ulivyotembea. Matope ndiyo yaliyokata shauri. Huko Crayssac, katika Ufaransa, palikuwa na pwani ya matope yapata miaka milioni 150 iliyopita, nayo yamegeuka jiwe. Humo mna nyayo za miguu, na kando yake alama za mikono, vidole vitatu vitatu; kile cha bawa kilikunjwa juu.

Mwaka 2009 zilitangazwa nyayo za mmoja aliyekuwa akitua. Nyuma yake hakuna nyayo nyingine, kwa kuwa alitoka angani. Kwanza miguu miwili ya nyuma iligusa chini sambamba, kucha zikakokota matope. Akapiga hatua fupi. Ndipo akashusha mikono, akaenda zake kwa minne.