Kazi ya Leta: mlango ni konkuru

Wengi katika sisi wanafikiri ya kuwa kazi ya Leta inapatikana tu kama uko na ndugu mukubwa katika biro. Lakini njia ingine iko.

Mwaka 1960, inchi yetu ilipopata uhuru, Wakongomani waliomaliza univerisite hawakupita 30. Biro za Serkali zilikosa wakubwa waliosoma. Ndiyo maana mwaka 1961 masomo ya kufundisha kazi hiyo yalifunguliwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mwaka 2013 Serkali iliunda mengine: École Nationale d'Administration, tunaita ENA.

Mutu anaingia namna gani? Kwanza amalize univerisite. Kisha afanye konkuru: mtihani wa kuandika, na wanaopita wanaitwa kujibu kwa kinywa. Waliochaguliwa wanasoma mwaka moja, na ndani yake wanafanya staji katika biro za Serkali, kusudi waone kazi kwa macho yao.

Sheria ya 2016 inataka watu waingie kazi ya Leta kwa konkuru. Kweli, haifuatwi kila pahali. Lakini angalia: ndugu mukubwa akiondolewa, yule aliyeingia kwa jina lake anatetemeka. Aliyeingia kwa konkuru, akili yake inabaki naye.

Basi, ndugu wanafunzi, matayarisho yanaanza hapa: kuandika Kifaransa wazi, kujua sheria za inchi, kusema mbele ya watu bila woga. Usingojee univerisite.