Msafiri Afikapo Malaba na Busia

Reli itokayo Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mtu aendaye Kampala alilazimika kupanda meli ziwani. Reli ya Eldoret na Malaba ilipofika Kampala mwaka 1931, abiria aliweza kuvuka mpaka pasipo kuondoka kitini pake. Leo garimoshi la abiria kati ya Nairobi na Kampala haliendi tena. Yapitayo Malaba ni mabehewa ya mizigo, na wasafiri huja kwa basi au matatu. Busia, iliyo kusini ya Malaba, haikupata reli kamwe.

Huko Busia ndiko baiskeli ilikopata kazi yake. Baina ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mwenye mzigo. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 vijana walifunga mto nyuma ya baiskeli, wakaita abiria kwa Kiingereza, "mpaka hadi mpaka". Ndimi za watu zililainisha maneno hayo yakawa boda boda, na jina hilo limefika hata miji isiyojua mpaka. Siku hizi ni pikipiki zaidi.

Mgeni huumia hasa katika nauli. Hadi mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja. Sasa kila nchi ina yake, na shilingi ya Kenya hupata zaidi ya ishirini za Uganda. Basi dereva akisema "elfu mbili", yamkini anataja fedha ya Uganda, ambayo haifiki mia za Kenya. Asiyeuliza "za wapi?" kabla ya kupanda aweza kulipa mara ishirini na kupita, na kumfuata mwenye pikipiki aliyekwisha ondoka ni kazi bure.

Hatari kubwa zaidi ni njia za panya, ambazo dereva mwenye haraka huzipendelea. Aliyepita huko, kwa sheria, hajaingia nchini, na aweza kushtakiwa akikaguliwa njiani. Mkenya au Mganda hahitaji pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinatosha. Tena tangu mwaka 2018 maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja Busia, na msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande ule aingiao. Dereva aambiwe mapema amshushe abiria mlangoni pa kituo hicho.