Utangulizi: Mkimbiaji, Mvua na Joto la Mwili

Ikiwa umefungua kurasa hizi huku mvua ya Februari ikipiga bati, na raba zako ziko mlangoni zimeganda tope jekundu la jana, umefika mahali pake. Sisi wa Songea hatuna masika na vuli kama wenzetu wa Pwani. Mvua yetu ni moja, huanza Novemba au Desemba na kutuandama hadi Aprili. Anayejiandaa kwa mbio za tamasha la Majimaji Selebuka, au marathoni yoyote ile, atafanya sehemu kubwa ya mazoezi yake akiwa amelowa chapachapa. Mvua ikikata, kipupwe nacho hicho, na upepo wake wa alfajiri kutoka upande wa Matogoro.

Elimu tunayoiingia inaitwa fiziolojia ya mazoezi, maana yake ujuzi wa namna mwili unavyofanya kazi unapotumikishwa. Usiogope jina. Nitakaa sana kwenye jambo moja, joto, kwa kuwa mengine yote yanaliegemea.

Fikiria jiko la mkaa. Misuli yako inapochoma chakula, kama sehemu moja tu kati ya tano, au zaidi kidogo, ndiyo inayokusukuma mbele. Zilizobaki zinageuka joto. Mwili nao unataka kubaki karibu na nyuzi 37, kwa hiyo kwa kilomita zote 42.195 una kazi ya pili usiyoiona: kulitoa nje joto hilo. Linatoka kwa hewa inayokupita, na zaidi kwa mvukizo, yaani jasho kugeuka mvuke juu ya ngozi na kuondoka na joto. Jasho linalodondoka barabarani halijakupooza hata chembe. Lenye faida ni lile linalokaukia mwilini. Ndiyo maana hewa ikijaa unyevu tunateseka: jasho linatoka lakini halikauki. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitupatia dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha katika hewa ya namna hiyo, kwa saa 2:09:48, akilingana muda na Mjerumani Amanal Petros hadi picha ya mstarini ikaamua.

Hapa wanafunzi wangu huuliza: kama mwili ni jiko, mvua si neema? Swali zuri, na jibu ni ndiyo, mara nyingi. Rasharasha na ubaridi wa nyuzi 10 au 12 humfaa mkimbiaji kuliko jua la saa saba mchana. Wengi wanaoilaumu mvua wangepaswa kulaumu fulana waliyovaa.

Shida huanza pale joto linapotoka kwa kasi kuliko linavyotengenezwa. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, na fulana ya pamba iliyolowa ni maji uliyoyavaa. Ongeza upepo wa mbele. Kisha ongeza jambo ambalo wageni hawalifikirii: jiko lenyewe kufifia. Misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na kwa wengi akiba hiyo huelekea kwisha karibu na kilomita ya 30. Mwendo unapungua, na mwendo ukipungua joto nalo linapungua, huku mvua haijapungua. Kwa hiyo baridi ya marathoni haikuui mwanzoni unapotetemeka mstarini; inakungoja huko mbele.

Boston ya Aprili 2018 ni darasa kamili. Mvua, upepo wa mbele, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa dunia wa 2017 katika mbio zilizompa Simbu shaba, aliongoza kwa pengo kubwa. Karibu na mwisho mwendo wake ukaanguka, na Yuki Kawauchi, Mjapani aliyekuwa mtumishi wa umma, akampita na kushinda kwa 2:15:58. Kirui alimaliza kwa 2:18:23. Sidhani Kawauchi alikuwa na miguu bora siku ile; naamini jiko lake ndilo lililochelewa kufifia.

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 tunaita haipothemia. Usingoje kipimajoto. Kwenye barabara ya Peramiho niliwahi kumkuta kijana amechuchumaa kwenye manyunyu, anahangaika na kamba ya raba. Vidole vilikuwa vimenyooka kama vijiti, havishiki. Nilipomuuliza kama yuko sawa alijibu kwa ulimi mzito kwamba anataka kumalizia tu kilomita nane. Vidole kugoma, ulimi kuwa mzito, akili kung'ang'ania: hapo mbio zimekwisha. Mvue nguo mbichi, mfunike, mpe chai ya sukari ikiwa anameza vizuri, na mpeleke hospitali akizidi kuchanganyikiwa.

Radi ni habari nyingine kabisa, haina fiziolojia. Ikianza kupiga, ingia ndani.

Sura zinazofuata zitaeleza mavazi, mlo na mwendo kwa urefu. Kabla hujazifungua, nakuomba zoezi moja. Siku ikinyesha bila radi, vaa jezi nyepesi ya nailoni badala ya pamba, jipake mafuta ya mgando mapajani na kwapani, kisha kimbia kilomita 5 tu. Ukifika, jaribu kufungua kamba za raba mwenyewe, uandike ilichukua muda gani. Fulana kavu iwe inakusubiri mlangoni.